Picha yenye nafasi ya bwana

Juu ya kamyo, lori la mizigo na abiria, iliyotoka Likasi kwenda Lubumbashi, mwaka wa tisini na nne, niliketi nyuma ya wanawake wawili wasiojuana. Fortunée, kijana wa Kikula, mtaa wa Likasi, alikuwa safarini kwenda Kinshasa. Ubalozini wangemuuliza kama kweli ni mke wa Hilaire, aliyekuwa Kanada.

"Photo zote za mariage zilipotea ku pillage, basoda balipora nyumba," alisema. "Minye nililia. Alafu majirani balisema: acha kulia, tutavala tena."

Akatoa picha mpya. Mama Orpha, yule mwanamke wa pili, aliipokea kwa mikono miwili. Waalikwa wote walirudi mbele ya kanisa na nguo za siku ile ya harusi, ingawa wengi walikuwa wamekonda na zikawapwaya. Kando ya Fortunée waliacha nafasi ya mtu mmoja.

"Yesu wangu! Bote balikuya?"

"Bote. Mama mukwe iko mugonjwa, balimubeba na kiti."

"Lakini konsuli atasema bwana haiko."

"Nitamwambia ukweli: beko banamungojea."

Mimi niliyejifanya sisikii nikainama nione. Kamyo ikasimama Lubumbashi, watu wakashuka. Mama Orpha hakuondoka. "Ngoja, mutoto yangu," alisema. "Niangalie tena."