Mwalimu Jokébed Kavugho (1958–2025) na Reli ya Vuhimba

Tumekusanyika hapa Bulengera, mjini Butembo, mbali na kilima alichozaliwa, kumsindikiza Jokébed Kavugho: binti, dada, mke, mama na mwalimu. Yeye mwenyewe angetaka tuanze mara moja. Hakupenda mikutano inayochelewa, hata ile iliyoitishwa kwa heshima yake.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1958 huko Vuhimba, juu ya Mutwanga, mahali ambapo mashamba ya kahawa yanakoma na mlima unaanza kweli. Wazazi wake, Jéthro Syauswa na Naomi Masika, walikuwa wakulima na watu wa kanisa la Kiprotestanti. Bibi Naomi alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alijua kukimbia kabla ya kutembea, na kwamba walimfunga kengele ya mbuzi kiunoni ili wasimpoteze ndani ya kahawa. Aliifungua mwenyewe, akamvalisha dada yake mdogo Mariette, kisha akaenda zake.

Nyumbani kwao kulikuwa na hadithi moja iliyopendwa kuliko zote, nayo ni hadithi ya reli. Mwaka 1949 mkulima mmoja Mzungu alitandaza reli ndogo kutoka kiwanja cha kuanikia kahawa, juu Vuhimba, mpaka barabara ya magari huko chini. Ilikuwa nyembamba, mtoto angeweza kuiruka kwa miguu yote miwili. Haikudumu. Mwaka 1952 barabara ya malori ilifika juu, chuma kikang'olewa na kupelekwa kusikojulikana, na majani yakaota. Muzee Jéthro aliwapa watoto wake gari la moshi lililopita pale: bomba lake, filimbi yake, cheche zake. Yeye, alisema, alikuwa machiniste, mwendeshaji wa injini. Watoto waliicheza hadithi hiyo mavumbini, na Jokébed alidai kila mara kuwa injini.

Alisoma shule ya msingi ya misheni palepale kijijini. Mwaka 1972 alipanda juu ya magunia ya lori mpaka Beni, na toka Beni mpaka Butembo, kusomea ualimu. Alipata diploma ya serikali mwezi wa Julai 1978. Walimu wake walimsifu kwa akili na kumlalamikia kwa kutotulia. Sifa zote mbili zilimfuata maisha yake yote.

Septemba ya mwaka uleule alianza kufundisha darasa la tano huko Vuhimba. Kitabu cha historia kilikuwa na somo juu ya reli ya Matadi, upande mwingine wa nchi, na watoto walikariri majina ya stesheni huku wakisinzia. Siku moja alikifunga kitabu. "Musimame," aliwaambia. "Na siye tulikuwaka na yetu." Akawatoa nje, akawapeleka kwenye ule ukanda mwembamba uliochimbwa ubavuni mwa kilima. Tangu siku hiyo, reli ya Vuhimba ikawa darasa lake. Juu yake watoto walijifunza kupima mteremko. Walijifunza kwa nini kahawa inashuka daima na chumvi inapanda daima. Walijifunza kuuliza shamba lilikuwa la nani kabla halijawa la Mzungu. Aliporudi ndani alichora ubaoni gari lenye bomba, na moshi akausugua kwa ubavu wa chaki mpaka ukafika darini.

Sisi watoto wake tunaosoma wasifu huu tunasema wazi: nchi hii imelea watoto wanaojua mito ya Ulaya na hawajui nani alichimba njia wanayopita kwenda shule. Mama huyu alilikataa jambo hilo akiwa na miaka ishirini, bila mshahara wa kueleweka, na hakungoja ruhusa ya mtu.

Tarehe 18 Julai 1981 aliolewa na Kambere Jean-de-Dieu, fundi wa kushona, Mkatoliki. Familia zilibishana juu ya kanisa kwa muda mrefu kuliko juu ya mbuzi wa mahari. Bwana harusi alipoulizwa anamtakia nini mwalimu asiyekaa nyumbani, Jean-de-Dieu alijibu kwamba cherehani inatosha kukaa kwa wote wawili. Walizaa watoto watatu. Yeye alishona, mkewe akatembea, na chakula kilipatikana.

Mwaka 1991 likatokea jambo ambalo bila hilo wasifu huu usingekuwa na maana. Darasa lilikuwa likifyeka majani mahali penye mteremko mkali. Mwanafunzi mmoja, Florentine, ambaye leo ni muuguzi na yuko hapa kati yetu, aliona mawe bapa yaliyopangwa katikati ya njia ya reli, moja juu ya jingine kama ngazi, na kila moja limelika katikati. Aliweka mguu juu ya la kwanza, kisha la pili.

"Mwalimu," alisema, "treni iko na miguu?"

Wenzake walicheka sana. Mwalimu hakucheka. Aliinama, akanyoosha mikono mbele kama mtu anayesukuma kitu kizito, akapanda mawe yale mpaka juu. Yalikubaliana na hatua yake. Akawaambia watoto waende nyumbani, naye akashuka moja kwa moja kwa baba yake.

Muzee Jéthro alikuwa akianika maharagwe. Alimsikiliza bila kusimamisha mikono, kisha akamwambia. Hapakuwa na injini. Haikuwepo hata siku moja. Vigari vilishuka vyenyewe vikiwa vimejaa kahawa, kijana mmoja akining'inia kwenye breki. Kupanda, vilisukumwa na vijana wa kijiji, wakiwa wamebeba humo chumvi, saruji, mabati, na siku nyingine Mzungu mwenyewe ameketi chini ya mwavuli wake. Aliyekataa alipelekwa kwa chifu, na kwa chifu palikuwa na fimbo. Jéthro alianza kusukuma akiwa kijana asiye na ndevu. Baadaye, watoto walipoanza kuuliza ukanda ule ni wa nini, wazee walipatana juu ya moshi, bila hata kuitisha mkutano.

"Unataka batoto banicheke?" alimwuliza binti yake.

"Hapana, baba. Nataka bajue nani alikuwaka injini."

"Baambie moshi. Moshi haina haya."

Tangu siku hiyo waliongea mahindi, mbuzi, mvua, wajukuu. Reli hawakuitaja tena kati yao.

Lakini darasani aliitaja. Kesho yake alifuta gari ubaoni na kuwaambia watoto kwamba aliwafundisha vibaya, na waliowatangulia pia. Hao waliotangulia ndio waliomnyima usingizi. Walikuwa wamekwisha kutawanyika na moshi kichwani. Basi akaanza kuwatafuta. Likizo baada ya likizo alikwenda Beni, Butembo, Oicha, akiuliza fulani anakaa wapi. Mmoja wao, sasa mchungaji, alikamatwa naye mlangoni mwa kanisa, waumini wakingoja kumpa mkono. Mwingine, mwendesha pikipiki, alisimamishwa naye katikati ya Beni. Kijana alilalamika, "Mwalimu, niko na client nyuma."

"Client naye atasikia," alijibu, na abiria huyo akasikia yote, mpaka mawe.

Kule Kayna alimkuta mwanafunzi wake wa zamani amekuwa mfanyabiashara wa maharagwe. Bwana huyo alimshukuru, akamkaribisha chai, akakiri kwamba watoto wake nao amekwisha kuwapa hadithi ya moshi. Mwalimu aliweka kikombe chini, akasema atangoja watoto watoke shule. Akangoja.

Kijijini mambo yalikuwa makali. Wazazi walikusanyika kumshitaki, na mmoja wao akasimama akasema: "Unafanya bazee betu kuwa punda."

"Ni miye nilibafunga kwa kigari?" aliuliza.

Aliondolewa darasa la tano, akapewa la pili, kwa kuwa watoto wadogo, walidhani, hawataweza kupanda kilima. Walipanda. Walichelewa kufika, lakini walipanda, na kila mmoja aliweka mguu wake juu ya mawe na kutamka jina la babu wa mtu.

Muzee Jéthro Syauswa alifariki tarehe 22 Agosti 2009. Mjomba wetu Josaphat, mdogo wake Jokébed, aliandika wasifu na kuusoma kaburini. Ulisema kwamba Muzee alikuwa machiniste wa gari la moshi la Vuhimba. Jokébed alikuwa ameketi mbele. Alitaka kusimama, mume wake akamshika mkono, na mama yake Naomi, mjane wa siku moja, akamtazama tu. Alikaa. Tunadhani wote waliokuwapo wanakumbuka, maana ilikuwa nadra. Walipofika nyumbani alimwambia Jean-de-Dieu: "Leo tumezika mutu mwingine."

Aliendelea kufundisha Vuhimba mpaka Desemba 2020, wauaji walipofika kwenye vijiji vya Mutwanga. Hatutaeleza usiku ule hapa. Kila familia iliyoketi kwenye hema hili ina wake. Alifika Bulengera kwa dada yake Mariette akiwa na mume, mjukuu mmoja na cherehani. Wiki iliyofuata alikuwa amepata kibanda cha kanisa na watoto wakimbizi wa kutosha kukijaza.

Kilima kilibaki kule, hakuna aliyeweza kukirudia. Basi akafundisha hapa reli ambayo watoto hawataiona. Alifunga kamba mbili kwenye vijiti kutoka chini ya uwanja mpaka juu, akaazima tshukudu ya kijana mmoja, gari lile la mbao tunalolijua sote, akaipakia matofali na kuwaambia watoto waisukume katikati ya kamba. Wasukumaji wenyewe wa tshukudu, waliokuwa wakipandisha mizigo yao barabarani, walisimama kutazama. "Mama, unabafundisha kazi yetu?" mmoja alimtania. Alimwita aingie, akamweka mbele ya darasa, akawaambia watoto wamwulize maswali, na kijana yule aliyekuja kucheka alikaa mpaka kengele. Watoto walimwuliza anaumwa wapi jioni. Alipokwisha kuwaonyesha bega na nyonga, mwalimu akasema: sasa munajua historia ya Vuhimba, iliyobaki ni miaka tu.

Tangu mwaka 2023 alisumbuliwa na moyo na shinikizo la damu. Daktari alimwamuru kupumzika. Alimwuliza daktari alizaliwa wapi na nani alichimba barabara ya kwao. Mwezi wa Oktoba mwaka huu miguu ilivimba, akafundishia kitandani, watoto wakiingia kwa zamu. Florentine alikuwa akija kumpima kila siku. Alifariki asubuhi ya Alhamisi, tarehe 13 Novemba 2025, hapa Bulengera, akiwa na miaka sitini na saba. Mume wake alikuwa amemshika mkono.

Alituachia agizo moja. Hakutaka mashairi wala sare. Alitaka wasifu wake, utakaposomwa, useme kazi ya baba yake kwa jina lake halisi. Alitambua vizuri alilokuwa analiomba, maana maneno yakishasomwa kaburini hakuna wa kuyasahihisha.

Jana familia ilikaa. Mjomba Josaphat, mkubwa wetu sasa, alikataa. Alisema wasifu unachapwa, unakwenda nyumba za watu, na hatakubali baba yake atembee Butembo yote akiwa ameinama nyuma ya kigari. Wengine wakamwunga mkono. Tukabishana kwa maneno ambayo vijana hawapaswi kuwaambia wakubwa, na tunaomba radhi kwa sauti, si kwa hoja. Tulimwambia kwamba haya ile si yetu kuibeba. Wenye kuibeba ni wale walioketi chini ya mwavuli.

Ndipo Mjomba akatuambia kwamba alipokuwa mdogo yeye ndiye aliyemsugua baba yake mgongo wakati wa kuoga, na kwamba mabega yale hayakuwa mabega ya mtu wa kuvuta filimbi. Alijua tangu zamani. Akasema: "Muandike. Lakini muandike vilevile kwamba alikuwa na nguvu."

Tunaandika basi, na tunasoma mbele ya watu wote: Jokébed Kavugho alikuwa binti wa Jéthro Syauswa, ambaye kati ya mwaka 1949 na 1952 alisukuma vigari vya kahawa katika mteremko wa Vuhimba, bila kuulizwa kama anataka. Alikuwa na nguvu.

Ameacha mume, Kambere Jean-de-Dieu. Watoto Maliro, Victoire na Gracien. Wajukuu Shalom na Shekinah. Dada yake Mariette, mdogo wake Josaphat. Ndugu wanaokaa Kayna, ambao njia, kwa ajili ya vita, haikuwaruhusu kufika. Na wanafunzi ambao hatukuweza kuwaita wote. Kama yuko kati yenu aliyesoma kwake kabla ya mwaka 1991 na hajafikiwa, sasa amefikiwa.

Bwana ampokee, ampe mahali pa kukaa, na ampe pia hamu ya kukaa.