Meya Atakayekaa Mlangoni

Kwanza nawasalimu. Mama Adelheid, mke wa mheshimiwa, nakuamkia kwa heshima. Ilsabe binti yao, na kichanga chako, hamjambo? Karani wa baraza, mlinzi wa lango, waokaji mikate, nanyi wachinjaji, hata ninyi msioniitikia sokoni, salamu ziwafikie. Sisi wa jikoni mwa baraza tu wazima, ila moshi tu.

Bwana Meya Henning Wulfhagen ameutumikia mji wetu wa Westerode miaka ishirini na sita. Sikukuu ya Mtakatifu Martin atarudisha funguo za mji na kupumzika. Nimeambiwa maneno ya kumuaga niyaandike mimi, mpishi wake, maana wenye elimu wangemsifu hadi chakula kipoe.

Alikuja kwetu akiwa kijana, wakili mwembamba kama mshumaa. Mtawala wa nchi alitaka kutunyima haki ya kupika bia yetu. Henning alimtetea kila mnywaji tangu asubuhi, mpaka mtawala akashikwa na njaa, akakubali. Ndipo tukampa umeya, naye akaanza kuandika historia ya mji, tamu na chungu. Mwaka ule tulipozunguka mipaka ya mji kwa maandamano, kama ilivyo desturi, akatumbukia bwawani, aliandika mwenyewe: "Meya alianguka. Watu walicheka, na walikuwa na haki."

Ukweli huohuo ndio uliotuponza. Mwaka juzi, katika kuzunguka mipaka, waokaji na wachinjaji waligombea nafasi ya nyuma ya bendera hadi mti wake ukavunjika. Waokaji wakatangulia, naye akaandika hivyo. Wachinjaji wakaleta paja zima la nguruwe, limekaushwa moshini vizuri, ili afute.

"Rudisha, Mama Gesche," akaniambia.

"Lote, Bwana Meya? Hata kipande cha supu?"

"Lote. Na kamba yake."

Nililia njia nzima. Tangu hapo wachinjaji hawakanyagi barazani, nao waokaji wamevimba kuliko mikate yao.

Sasa mnajua desturi: meya anayeondoka huwakatia watu wa vyama vyote vya kazi, waokaji, wachinjaji na wengine, bata bukini kwa mkono wake, na wanaokaa karibu naye ndio wakubwa. Mzee wetu hatamani zawadi. Anatamani kuona meza imejaa kabla hajaondoka. Wachinjaji wamesema hawaji kukaa chini ya waokaji. Basi juzi mkuu wa waokaji, Bwana Cord, akaja kuulizia kiti chake.

"Kipo mlangoni," Bwana Meya akamjibu. "Safari hii nakaa mwisho wa meza."

"Mlangoni! Na upepo wote ule?"

"Wewe kulia kwangu, mchinjaji kushoto."

"Lakini kulia ndiyo heshima. Mchinjaji atakubali?"

"Katikati ya chakula nitageuza kiti. Kulia kutakuwa kushoto."

Bwana Cord alitoka akijikuna kichwa, ila hakukataa.

Mimi moyo hautulii. Mzee anakohoa tangu mavuno, na mlango ule haufungiki sawasawa. Wachinjaji wanangu, mna mabega mapana: mkija, mtamzibia upepo. Msipokuja nitatundika blanketi, na blanketi halili bata, wala halimuagi mtu kwa heshima.

Bwana Meya, asante kwa kutusemea na kwa kutoficha hata aibu yako. Mungu akupe uzee wa kukaa karibu na jiko, miguu ikiwa na joto na wajukuu mapajani.

Nanyi wachinjaji, nileteeni jibu leo hii, kabla sijawasha tanuri.