Mzee Kufuli na Milango Mia Mbili na Kumi na Minne

Tarehe thelathini ya mwezi huu, saa kumi na moja jioni, Mzee Kufuli atakabidhi funguo za lango kuu na kwenda zake nyumbani. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja na miezi minne katika ghala letu la vyumba vya kukodi vya kutunzia mizigo. Katika muda wote huo amechelewa kazini mara moja tu, siku aliyozaliwa binti yake wa mwisho, na hata siku hiyo alipitia kwanza ofisini kuomba radhi. Mkewe hajalisahau jambo hilo mpaka leo.

Aliajiriwa kama mlinzi wa lango, akawa mpokeaji mizigo, kisha msimamizi wa vyumba. Jina la Kufuli alipewa na wateja. Mtu akipoteza ufunguo, yeye hulitazama kufuli, hulipima kiganjani, na kueleza litakavyofunguka bila kuvunjwa. Jina lake halisi limo kwenye faili la utumishi tu, na naamini akiitwa kwalo hageuki.

Kwa kutunza siri, hata kabati la chuma halimfikii. Mume mmoja alikodi chumba ili afiche kochi jipya la kumshangaza mkewe. Wiki iliyofuata mke naye akakodi chumba cha pili yake, akaficha baiskeli ya kumshangaza mume. Kwa miezi miwili Mzee Kufuli aliwapangia saa za kuja, mmoja asubuhi, mwingine alasiri, huku kila mmoja akimsihi asimwambie mwenzake. Tulipomuuliza aliwezaje, alisema hakuna aliyemuuliza swali gumu.

Hayo ni madogo. Ninachotaka kiandikwe kwenye ratiba hii ya sherehe ya kumuaga ni Jumapili moja ya miaka sita iliyopita, ambayo nikiikumbuka mwili bado unanisisimka.

Waliokuwepo wanajua hali ilivyokuwa. Kuta zilikuwa zimebabuka, kibao cha barabarani kimepoteza herufi tatu, na wapita njia walidhani tumefunga siku nyingi. Wateja walikuwa wanahama. Mkurugenzi akatuita, akasema bila kuzunguka: tunapaka rangi upya, tunabadili jina, Jumatatu tunawaalika wateja wote kwenye uzinduzi, na biashara isipopanda hadi mwisho wa mwaka kiwanja kinauzwa na sisi kumi na wanane tunatawanyika. Milango yote ingepakwa rangi ya chungwa, ionekane tangu barabarani.

Sasa, mgeni anahitaji kuelezwa kitu. Mwanzilishi wa ghala alikuwa na utaratibu wake: chumba kilipewa namba kwa zamu ya kukodiwa, si kwa mahali kilipo. Mteja wa saba alipenda chumba cha mwisho wa korido, wa nane akapenda cha karibu na lango, na namba zikatawanyika hivyo kwa miaka. Saba ilipakana na mia na arobaini na tatu. Ramani haikuwepo. Daftari lilikuwa na majina na namba, na namba zenyewe zilikuwa juu ya milango tu, zimeandikwa kwa brashi.

Kabla mafundi rangi hawajaanza, mtu alitakiwa kupiga picha kila mlango. Mtu huyo nilikuwa mimi, karani wa mapokezi. Siku hiyo sare mpya zikaletwa, nikaenda kuijaribu yangu kwanza. Mafundi walipokuja kuuliza kama waanze, nikawaambia waanze tu. Nilisema hivyo kwa kinywa changu, huku nikijigeuza mbele ya kioo.

Jumapili asubuhi nilikuta milango mia mbili na kumi na minne inang'aa, inafanana, bila namba hata moja. Nilikaa sakafuni. Wateja wengi huja mara moja kwa mwaka, wengine humtuma ndugu na namba iliyoandikwa kwenye karatasi. Na makufuli ya madukani, kama mnavyojua, mara nyingine ufunguo wa moja hufungua jingine. Mteja mmoja tu angefungua chumba cha mwenzake siku ya uzinduzi, habari yetu ingekuwa imekwisha, na yangu mimi ingekwisha mapema zaidi.

Nilimpigia simu Mzee Kufuli. Mkewe akanijibu kwamba mumewe anapiga pasi shati lake la kesho. Alifika na ndala miguuni, nikamsimulia nikilia. Hakunigombeza. Aliitazama korido mwanzo mpaka mwisho, akaomba chai na boksi la chaki.

Kisha akagonga mlango wa kwanza kwa vifundo vya vidole, akasikiliza, akasema humu kuna magodoro, akaandika 61. Wa pili uliitika kwa sauti nzito: vitabu vya yule mwalimu, 18. Kwenye wa tatu aliinama akatazama sakafu, palipochubuliwa na piano mwaka ambao mimi nilikuwa bado nasoma shule, akaandika 102. Aligusa bawaba, akanusa upenyo wa chini, akapima kufuli. Na kila chumba alikitaja kwa mtu wake, hata vile vitupu kwa mteja aliyehama. Huyu anauguza mama yake. Huyu yuko nje ya nchi, mdogo wake ndiye huja. Huyu aliachika, hataki kuviona vitu hivi na hawezi kuvitupa. Nilimfuata na daftari, mdomo wazi. Miaka minne nilikuwa nikimwona anapitapita kwenye zile korido, nikidhani ananyoosha miguu.

Saa kumi na mbili jioni ilibaki milango miwili, 39 na 170, mwisho wa korido ya kaskazini. Makufuli ya aina moja, sauti moja, sakafu ileile. Mmoja ulikuwa wa mama mshonaji aliyehifadhi vifaa vya marehemu mumewe. Nilimwambia Mzee Kufuli abahatishe, afadhali kuliko kuiacha bila namba. Alinitazama kama nimemtukana, akasema, "Hapa sijui," akaweka chaki chini.

Jumatatu wateja walikuja kwa wingi. Kila ufunguo ulioingia kwenye kufuli, roho yangu iliingia nao, na kila ufunguo uligeuka. Siku hiyo na miezi iliyofuata, kati ya milango mia mbili na kumi na miwili, hakukosea hata mmoja. Yeye alisimama kwenye ile miwili tangu asubuhi, ndani ya shati lake lililonyooka, hata keki hakuonja. Mama mshonaji alipofika saa nane, alimwambia ukweli kwamba hana hakika chumba chake ni kipi, akamwomba radhi, akamwomba ajaribu mwenyewe. Ulifunguka wa kushoto. Yule mama alikaa ndani saa nzima, na wiki hiyohiyo akatuletea wateja watatu.

Mwaka ulipoisha vyumba vyote vilikuwa vimejaa, na kiwanja hakikuuzwa. Wataalamu wa matangazo wanasema ni ile rangi ya chungwa. Sibishani nao, rangi inapendeza kweli. Mimi najua nilichokiona, na sijawahi kuona kitu kama kile.

Siku ile ya uzinduzi mkurugenzi aliuliza kama picha zimesaidia. Mzee Kufuli alijibu kwamba namba zimehakikiwa mlango kwa mlango, akaenda kunywa chai. Hakuongeza neno, siku ile wala baadaye, hata kwa utani, hata siku nilizomuudhi.

Mzee wetu, asante. Tunakuombea afya njema, usingizi wa mchana usiokatizwa na simu, na miaka mingi ya furaha na mama na wajukuu. Nami, mkurugenzi akiwa ameketi mstari wa mbele anausoma ukurasa huu, naomba niseme: picha hazikupigwa, na kosa lilikuwa langu. Umenitunzia mzigo huo miaka sita bila kunidai hata shukrani. Leo nimekuja kuuchukua mwenyewe, ili uende nyumbani ukiwa mwepesi.