Sunniva Hauglid, Aliyesema Amejaa

Ndugu waombolezaji, familia imemteua kaka wa marehemu, Øystein, huyu huyu mwenye tumbo anayewasomea, aliyefukuzwa kazi na meli tatu katika bahari tatu, lakini leo hakupatikana mwingine.

Marehemu Sunniva Hauglid alizaliwa tarehe 9 Novemba 1976 mjini Odda, Norwe, mtoto wa pili na wa mwisho wa Halvard na Gudrun, wote marehemu, wazazi waliofundisha kwamba kosa kubwa kuliko wizi ni kusumbua watu.

Alianza shule Agosti 1983, na Februari iliyofuata akagundulika na saratani ya nyonga, akapelekwa Bergen kupigwa mionzi siku ishirini na tano, kuanzia tarehe 5 Machi 1984, na kila siku alitakiwa anywe bilauri nne za sharubati na kubana mkojo, maana kibofu kikijaa huyasukuma matumbo juu, mionzi isiyaunguze.

Wazazi walikuwa kazini, aliyempeleka ni kaka yake, wakati huo akiwa na miaka kumi na minane, na mtoto, akiogopa aibu ya kujikojolea kwenye meza ya mionzi mbele ya watu, akamnong'oneza, "Kaka, nilindie mlango wa choo, usimwambie mtu," kaka akasimama pale kama askari wa mfalme, akitania, "Harakisha, mheshimiwa, wengine tumebanwa," kisha muuguzi akauliza, "Umejaa?" naye akajibu kwa adabu, "Nimejaa, asante," na ikawa hivyo siku zote ishirini na tano.

Saratani ikaisha, matumbo yakaungua.

Mwaka 1999 alihitimu mafunzo ya kazi ya mionzi, akahudumia watoto hospitalini hadi 2022, hakumuuliza mtoto hata mmoja kama amejaa, alimpima kibofu kwa ultrasaundi, na mkuu wake alipolalamika, "Sunniva, foleni imefika kwenye ngazi," alijibu, "Ikae kwenye ngazi, utumbo hauna vipuri."

Tarehe 16 Juni 2001 alifunga ndoa na Arve Lothe, fundi wa feri, hawakupata watoto, mionzi ilishapita huko pia.

Alipasuliwa mara sita kwa utumbo kuziba, akafariki tarehe 21 Januari 2025, siku mbili baada ya kumwambia kaka yake, "Acha kujiliza, ulikuwa mjinga mrefu tu," msamaha ambao bado haujamkaa vizuri mjinga huyo.

Familia inawashukuru madaktari, majirani waliokoroga supu na kuzoa theluji mlangoni, wafanyakazi wenzake, na mkuu wake kwa shada kubwa kuliko yote, walau maua hayakukwama kwenye foleni.

Mwisho, yuko muuguzi wa mwaka ule, Bi Borghild Aase, ambaye mama yetu alimlaani hadi anaingia kaburini, na kaka akasikia, akanyamaza miaka arobaini; Bi Borghild, uliuliza, ukadanganywa, na aliyejua ndiye huyu anayesoma, tafadhali ondoka benchi la nyuma, uje ukae na familia.

Sunniva, mdogo wetu, umesumbuka vya kutosha, pumzika sasa kwa amani.