Mteremko wa Bure

Kwenye foleni ya abiria wa Buruburu pale Muthurwa, Beldina hakuhitaji kutega sikio. Kijana aliyesimama mbele yake, aliyejitambulisha kama Griffins kwa dereva mkongwe aliyekuwa kando yake, alikuwa amepewa lori wiki hiyo hiyo. Tajiri, yaani mwenye lori, alimpimia dizeli ya kwenda Kisumu na kurudi. Ikipelea, atajazia kwa mshahara wake.

“Sasa mzee, nyinyi hutoboa aje?”

“Mteremko ni wa bure,” akajibu yule dereva mkongwe, kwa sauti ya mtu ambaye vya bure havijawahi kumgharimu. “Ukifika Salgaa toa gia, acha lori ijiteremkie na uzito wake.”

“Na breki zikishika moto?”

“Breki ni za tajiri. Mshahara ni wako.”

Griffins akacheka kidogo. “Kesho niko hapo.”

Beldina alinyoosha mkono amguse bega, lakini gari lilikuwa limefika na foleni ikawameza wote wawili. Mumewe naye aliteremka Salgaa bila gia. Siku ya mazishi tajiri alisimama kando ya jeneza, akasema hajapata kuona dereva wa kuhurumia dizeli kama marehemu, na waombolezaji wakaitikia amina.