Nthoki, Aliyetaka Kuona Karatasi Kwanza

"Huyu mama, hata malaika wakija kununua dawa ya ini atawaambia walete karatasi ya hospitali," Willis, fundi wa vyuma, alilalamika mbele ya watu pale kwenye kibanda cha dawa za majani, mtaa wa Lucky Summer. "Mimi nimekaa siku nne bila kula, na bado ananifukuza." Mkononi alikuwa na mandazi.

Marehemu Nthoki Musau alimjibu polepole. "Baba, ini lako silioni kwa macho. Kapimwe kwanza. Hata majani yakizidi yanaumiza." Hakumuuzia. Ndivyo alivyokuwa.

Nthoki alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 huko Mwala, kifungua mimba wa marehemu Mzee Kimanzi, karani wa reli. Alikuja mtaa wa Makongeni akiwa na miaka mitatu, akasoma hapo hapo mpaka darasa la saba, 1982. Mwalimu aliandika kwenye ripoti kwamba huyu mtoto anaangalia nje sana. Ukweli ni kwamba nje kulikuwa na maua ya zambarau kando ya reli, na hesabu haikuwa na ua hata moja.

Tarehe 9 Desemba 1989 alifunga ndoa na Musau, dereva wa lori. Musau alimpendea hiyo tabia ya kusikiliza bila kukatiza. Baada ya harusi ndio akajua kumbe bibi alikuwa anaota macho wazi.

Kuanzia 1991 mpaka 2019 aliosha chupa kwenye maabara moja ya utafiti wa mimea. Wasomi walikuwa wanakamua manjano, na mbegu za ule mmea wa miiba wenye majani kama yamemwagiwa maziwa, wakitafuta kile kitu cha ndani kinacholinda ini. Jioni alirudi na vidole vya manjano, akisimulia habari ya ini kama mtu aliyetoka kulitembelea. Eti ni jumba jekundu, lina joto, linaosha uchafu wa mwili mzima na halisemi limechoka. Chai ilikuwa inapoa tukimsikiliza. Alipostaafu akafungua kibanda chake.

Desemba mwaka jana miguu ilianza kuvimba. Daktari akasema ni moyo. Tukamwambia anywe majani yake, akakataa. "Hayo ni ya ini. Moyo una wenyewe." Alilazwa wiki tatu, na Alhamisi tarehe 6 Februari 2025, saa nne asubuhi, jua likiwa limefika kwenye blanketi, akatuacha.

Ameacha mume wake Musau, watoto wake Wavinya na Mutie, wajukuu watatu, na mdogo wake Ndeti, ambaye ndiye anawasomea haya. Mungu ampe usingizi mtamu, maana tangu Desemba hakuupata.

Kuna jambo familia ilimwomba Ndeti asilitaje. Atalitaja. Oktoba alipeleka majibu yake ya ini pale kibandani. Hapa wote mnajua anapenda chupa. Nthoki aliyasoma mara mbili.

"Kule maabara," akasema, "panya waliopewa mmea kabla ya sumu, ini lao lilibaki laini, jekundu. Niliona mwenyewe."

"Na wale waliopewa baadaye, dada?"

Nthoki alifunika beseni la mbegu bila kumpimia hata kijiko, akajifunga leso, akaenda zake polepole upande wa mtaa wa Baba Dogo, vumbi likimfuata nyuma.