Michungwa ya Selestine Ngassa

Tunayemsindikiza leo ni Selestine Ngassa, aliyezaliwa hapa Kagongwa tarehe 14 Machi 1929, mtoto wa tatu wa Mzee Ngassa Lubinza na Bibi Kabula.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne. Mwaka 1942 baba yake alimtoa akachunge ng'ombe, naye hakulalamika.

Tarehe 11 Juni 1955 alifunga ndoa na Limi, wakajaliwa Donatus na Apolonia. Alilima pamba na mahindi. Mwaka 1971 aliuza ng'ombe wa urithi, ambao ndio wangemwoza Donatus, akapanda michungwa. Alimwambia mwanawe, "Ng'ombe wako watarudi kwa njia ya machungwa."

Marehemu alikuwa ameona jinsi mbolea ya chumvichumvi ilivyoyageuza mahindi yaliyopauka yakawa kijani. Basi akaitia na kwenye michungwa. Ikakua kuliko yote tuliyowahi kuona, majani mazito, meusi kwa ukijani, lakini matunda hayakuja. Aliamini ina njaa, akaongeza. Kila msimu matawi yalizidi, na maua machache yaliyotoka yakapukutika. Majirani wakamwita Mkulima wa Kivuli.

Mkewe alimtania, "Baba Donatus, mtamba akinona kupita kiasi hashiki mimba. Mchungaji mzima hujui?"

"Mama Donatus, mchungwa una mizizi, hauna pembe," alijibu, wakacheka wote.

Mchungwa mmoja penye kichuguu ulidumaa. Mwaka 1980 aliukasirikia: "Wewe mvivu, unakula na hukui. Sikupi tena." Hakuupa mbolea tena.

Mwaka 1981 Donatus alisimama katikati ya shamba akamwuliza, "Baba, nitaoa kwa majani?" Kesho yake aliondoka kwenda machimbo ya dhahabu upande wa Geita. Marehemu alimfuata huko machimboni, Nyarugusu, mara mbili, hakupata aliyemjua. Mwaka 1983 aliikata michungwa yote. Ule wa kichuguuni aliuacha, akisema haustahili hata shoka.

Mwaka jana ini lilianza kumsumbua. Alitibiwa Kahama, kisha akarudishwa nyumbani. Juni mwaka huu Apolonia alimletea kitandani machungwa mawili.

"Ya wapi haya?"

"Ya kichuguuni, baba."

"Ule niliounyima?"

"Huo huo. Umezaa mpaka matawi yameinama."

Akaomba abebwe nje. Tulimkalisha mbele ya visiki, akavitazama kimoja kimoja. Kisha akasema, "Kumbe niliilisha mpaka ikasahau kuzaa. Halafu nikaikata, haina kosa." Apolonia alimmenyea chungwa moja, akakataa. La pili alilishika mpaka tukamrudisha ndani. "Hili mwekeeni Donatus," alisema. Tangu siku hiyo hakuzungumzia shamba tena.

Alifariki Jumamosi, tarehe 9 Agosti 1986, alfajiri, mkewe akiwa kando yake.

Ameacha mjane, Limi, binti, Apolonia, wajukuu wanne, na Donatus, ikiwa yu hai. Yeyote mwenye habari zake, hata zikiwa za huzuni, amwone mama yake kabla ya kuondoka hapa. Lile chungwa bado liko dirishani, limekauka.

Mungu ampe Selestine pumziko ambalo shamba halikumpa.